Wanafunzi wanapika data, na maabara ya kwenye skrini haitawaponya

Mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutumika Januari 2024 na unaoendelea kupanda darasa kwa darasa, umerudisha swali ambalo Tanzania imelibeba kwa miaka mingi: watoto wa sekondari watafanyaje majaribio ya fizikia wakati shule nyingi hazina vifaa vya kutosha? Safari hii jibu linalopigiwa debe zaidi ni skrini. Tunaambiwa programu za kuigiza majaribio zipo, nyingi ni za bure, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na walimu wana vishikwambi mikononi tangu vile vya Sensa ya 2022 vilipogawiwa kwao. Basi tuache kulilia maabara, tuwashe kishikwambi.

Nia ya hoja hiyo naiheshimu, ila naamini imetibu ugonjwa usiokuwepo na kuuacha uliopo. Kinachoiua fizikia ya vitendo katika shule zetu si uhaba wa vifaa peke yake, wala hauko namba moja. Tumelifanya jaribio kuwa safari ya kwenda kwenye jibu ambalo mwanafunzi analijua kabla hajashika rula. Jibu likishajulikana, kupima hakuna kazi, na mtoto mwenye akili atafanya kile ambacho kila aliyesoma sayansi nchini anakijua kwa jina: atapika data, yaani ataandika vipimo ambavyo hakuvipima. Majengo hayakuiondoa tabia hiyo. Skrini, ikiletwa kama inavyoletwa sasa, itaikomaza.

Tukumbuke tulikotoka. Shule za kata zilipochipuka kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, madarasa yalitangulia na maabara zikasubiri. Baadaye Rais Jakaya Kikwete akaagiza kila shule ya sekondari iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Mwisho wa kazi hiyo ulipangwa kuwa 2014, ukasogezwa hadi 2015. Aliyekuwa kijijini miaka ile hajasahau: michango ya kila kaya, mchanga uliosombwa kwa vichwa, mtendaji wa kata akipita nyumba hadi nyumba na daftari la majina. Kuta zilisimama. Lakini baadhi zilibaki maboma kwa miaka, na nyingine ziliezekwa zikakosa meza, maji, gesi na fundi sanifu maabara, mwishowe zikawa madarasa ya kawaida au stoo ya majembe na mafagio. Tangu 2020 mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, unaotegemea fedha za Benki ya Dunia za Dola milioni 500, umeongeza shule mpya na miundombinu yake. Jasho la wananchi na fedha hizo si vya kubezwa. Mtoto wa kata naye anastahili chumba chenye meza na bomba. Hata hivyo kuna jambo ambalo hesabu ya majengo hailielezi. Data zinapikwa hata katika shule kongwe zenye kabati zilizojaa amita, lenzi na stopwochi. Kama uhaba wa vifaa ungekuwa ndio mzizi, shule hizo zingekuwa zimepona.

Mzizi uko kwenye mtihani. Fizikia ya Kidato cha Nne ina karatasi ya nadharia yenye alama 100 na karatasi ya vitendo yenye alama 50, inayofanywa kwa saa mbili na nusu. Kabla ya siku yenyewe shule hupelekewa orodha ya vifaa vya kuandaa, na hilo halina ubaya, kwa sababu haiwezekani kuandaa kitu usichokijua. Ila mwalimu mzoefu akiiona orodha hiyo amekwishaliona swali. Uzi, kipira cha chuma na stendi: pendulamu. Kioo cha mstatili na pini nne: mpindo wa mwanga. Spring na mizani: sheria ya Hooke. Wiki za mwisho zinakwenda kwenye kukariri umbo la jedwali, mwelekeo wa grafu, jibu linalotarajiwa, hata vyanzo vya makosa na tahadhari. Nimewahi kusoma daftari la mwanafunzi aliyeandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba wakati wa jaribio feni ilizimwa ili upepo usisumbue pendulamu. Shule yake haikuwa na umeme. Mtoto yule hakukusudia kumdanganya mtu. Alifundishwa kuwa makosa ya kipimo ni maneno ya kuandika, kama salamu mwanzoni mwa barua, na akayaandika.

Nieleze jinsi upikaji wenyewe unavyokwenda, kwa faida ya wazazi ambao hawajawahi kuuona. Mwanafunzi anatakiwa kubadili urefu wa uzi wa pendulamu, sentimita 40, 60, 80, 100, na kila mara apime muda wa mibembeo 20. Kisha atafute kipindi, yaani muda wa mbembeo mmoja, akitie kipeo cha pili, achore grafu dhidi ya urefu, na mteremko wa grafu umpe mchapuko wa mvutano wa dunia, g, ambao kitabu kinasema ni 9.8. Mpishi hodari hapimi zote. Anapima ya kwanza na ya mwisho, anapiga mstari ulionyooka, halafu anarudi nyuma: anazisoma za katikati kwenye mstari na kuzijaza kwenye jedwali kama alizipima. Aliyekubuhu zaidi hapimi hata moja. Anaanza na 9.8, anakokotoa kwamba kwa sentimita 60 mibembeo 20 lazima ichukue kama sekunde 31.1, anaandika 31.2 ili isionekane safi mno, na anamaliza wakati wenzake bado wanafunga uzi. Alama zake zitakuwa nzuri kuliko za mkweli.

Mimi nilikuwa mkweli siku moja tu. Nikiwa Kidato cha Nne, katika mazoezi, nilipima pendulamu yangu kwa uangalifu wote na nikapata g ya karibu 10.9. Mwalimu, mtu mwema aliyekuwa na wanafunzi wengi na muda mchache, aliangalia daftari akaniambia rudia mpaka upate tisa nukta nane. Nilirudia mara mbili, ikatoka ileile. Mara ya tatu nikapika. Miaka baadaye, nikimsaidia mdogo wangu na kazi yake ya shule, ndipo nilipoona nilichofanya: nilikuwa nikiachia kipira na kusema “moja” papo hapo. Nilipofika “ishirini” pendulamu ilikuwa imebembea mara 19. Muda wa mibembeo 19 ukigawanywa kwa 20 unafupisha kila kipindi kwa asilimia 5, na kwa kuwa kipindi kinaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili, g inavimba kwa zaidi ya asilimia 10. Kutoka 9.8 unafika karibu 10.9, sawasawa na yangu. Ile namba “mbaya” ilikuwa na habari kamili ndani yake. Ilikuwa ikinieleza mahali pa kutazama. Hakuna aliyeniambia kwamba namba inaweza kuhojiwa, na nilichojifunza siku ile ni kuiogopa.

Hofu hii haikuanzia kwa kizazi changu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi zilikuwa zinakaribia kuisha, Mpemba akayaweka yake yangali moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na akachekwa darasani. Alipokuja Dkt. Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza swali lilelile. Osborne hakumcheka, alirudi Dar na kumwomba fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha habari yao, na jina la Mpemba likaingia kwenye msamiati wa fizikia ya dunia.

Sehemu hiyo tunaisimulia kila mwaka kwenye maonesho ya sayansi. Kuna nyingine tunayoiruka, na kwangu ndiyo yenye uzito. Osborne anaeleza kwamba fundi yule alirudi na taarifa kuwa maji ya moto yaliganda mapema kweli, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Huyo hakuwa mtoto wa kata asiye na vifaa. Alikuwa fundi wa chuo kikuu, vifaa mkononi, kipimo mbele yake, na bado alichokiamini ni kitabu. Mwalimu wangu aliniambia maneno yaleyale miongo kadhaa baadaye. Na kwa kuwa nasema ukweli wa kipimo, niseme na hili: wanafizikia hadi leo wanabishana kama matokeo ya Mpemba hutokea kila mara, katika hali zipi, au kama wakati mwingine ni namna ya kupima tu. Ubishi huo hauupunguzii heshima ujasiri wake. Ndiyo kazi yenyewe ya maabara.

Sasa twende kwa wanaotetea skrini, kwa sababu hoja yao bora ni bora kweli. Programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, zilizoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001, si michezo ya watoto. Mwaka 2005 watafiti wa chuo hicho walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: wanafunzi waliojifunza saketi za umeme kwa programu waliwazidi waliotumia nyaya na balbu za kweli kwenye maswali ya uelewa, na hata kwenye kazi ya kuunganisha saketi halisi na kuieleza. Sababu inaeleweka. Kwenye skrini unaona elektroni zikitembea, ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona kwenye waya, na huhangaiki na betri iliyokwisha au klipu yenye kutu. Kwa saketi, kwa mawimbi, kwa atomu, kwa mionzi ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeileta darasani, mimi nipo upande wao.

Ila tuangalie kilichopimwa pale. Kilichopimwa ni uelewa wa dhana na matumizi yake. Hapo programu inashinda kwa kuwa imeondoa kila kinachosumbua. Lakini kusumbuka ndiko kunakomfundisha mtu kupima. Programu ya pendulamu imeandikwa kwa kanuni ileile iliyo kitabuni. Haiwezi kukataa. Mwanafunzi hawezi kupata 10.9 na akalazimika kujiuliza kwa nini, maana ndani ya kishikwambi g iliwekwa na mwandishi wa programu. Mtoto wetu aliyezoea kuandika jibu la kitabu atakutana na mashine inayompa jibu la kitabu, na ataona alikuwa sahihi siku zote.

Na wale wanaosema vifaa halisi vinatosha, nao wasishangilie mapema. Mtafiti Natasha Holmes na Wieman huyohuyo waliandika mwaka 2018 kuhusu kozi 9 za maabara za fizikia katika vyuo 3, zenye vifaa ambavyo shule zetu hazivioti. Walilinganisha wanafunzi waliofanya maabara na wasiofanya kozi hiyo, kwenye maswali ya mtihani yanayohusu mambo yaliyofanywa maabara. Tofauti haikuonekana. Maabara zilizokusudiwa kuthibitisha yaliyofundishwa darasani hazikuongeza kitu kwenye alama. Nguvu yote ya mwanafunzi inaishia kwenye kufuata maelekezo, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna mahali anapoamua jambo. Matokeo hayo yangepaswa kusomwa na kila anayepanga bajeti ya maabara Dodoma. Na Nairobi pia, ambako wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026 na hesabu ya maabara za njia ya sayansi iko kwenye kila mazungumzo.

Kwa hiyo jambo la kuuliza ni nani anayefanya uamuzi mezani. Jaribio moja litatosha kuonyesha ninachokisema, nalo ni pendulamu ileile tuliyoichosha. Kitabu kinasema kipindi hakitegemei ukubwa wa pembe unayoachia, mradi iwe ndogo. Wape wanafunzi uzi wa mita moja, jiwe dogo zito na saa. Waliachie kwa pembe ya nyuzi 10, kisha kwa pembe ya nyuzi 20, na swali liwe moja: je, vipindi vinatofautiana? Wakihesabu mibembeo 5, watapata muda unaoyumba huku na huku kwa sababu kidole cha binadamu huchelewa, na watasema havitofautiani. Wakihesabu 20, tofauti inayotarajiwa ni kama robo sekunde, karibu sawa na kuyumba kwa kidole chenyewe. Hapo darasa litagawanyika na kelele itaanza. Wakifika 50, muda wote ni kama sekunde 100 na tofauti inakaribia nusu sekunde, ikipungua kidogo kwa kuwa hewa hupunguza mbembeo. Wakirudia na kuchukua wastani, inajitokeza, na nyuzi 20 ndizo zinazochelewa. Kitabu hakikukosea, kilisema kwa pembe ndogo. Lakini mtoto amejionea mwenyewe mahali ambapo neno “ndogo” linaanza kuisha, na amefika pale kwa kuboresha kipimo chake. Holmes na wenzake walitumia zoezi la aina hii chuoni, Kanada, wakapata wanafunzi wanaokagua data zao bila kuambiwa. Gharama yake ni uzi na jiwe.

Hapa ndipo inapotolewa hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ingawa husemwa kwa sauti ya busara: kwamba vifaa vya kuokoteza havina usahihi, vitawapa watoto majibu yasiyo sahihi na kuwachanganya. Hoja hii inadhani kuna kifaa kisicho na kosa. Hakipo, si shuleni wala popote. Stopwochi ya bei mbaya ikishikwa na kidole kilekile inayumba vilevile. Swali la fizikia ni kosa ni kubwa kiasi gani na linatoka wapi, na swali hilo linajibika kwa kifaa chochote ulichonacho. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta, akakuta inachelewa takribani dakika 2.5 kwa siku. Angeweza kuilaumu saa. Aliamini kipimo, na kuchelewa kule kukawa ushahidi kwamba mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Ndiyo maana hapa Pwani, jirani na ikweta, g ni kama 9.78. Kijana anayechanganyikiwa na namba isiyolingana na kitabu amefika penye mlango wa somo. Aliyekingwa nayo bado yuko uani.

Kuna hoja nyingine siwezi kuifukuza kwa aya moja: idadi. Mwalimu mmoja mbele ya watoto 80 hawezi kusimamia meza 20, na maneno matamu ya ushirikishwaji hayataibadili hesabu hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba jaribio lenye swali wazi linavumilia wingi kuliko jaribio la maelekezo. Makundi 10 yakipima pembe zilezile, yale matokeo 10 ubaoni ndiyo data. Kutofautiana kwao ndilo somo, na mwalimu hana haja ya kuzunguka akisahihisha. Na makundi hayo yatabishana kwa Kiswahili, kwa ukali, kisha yataombwa kuandika ripoti kwa Kiingereza, na hapo ubishi wote utakauka na kuwa sentensi tatu za kukariri. Mwalimu anayeruhusu ripoti ya kwanza iandikwe kwa lugha waliyobishana nayo atasoma fizikia zaidi.

Vishikwambi navyo vina kazi, ila si ile ya kuwa dirisha la dunia isiyokosea. Vingi vya vifaa hivi vina maikrofoni na vipima mwendo ndani yake. Programu ya bure ya phyphox, iliyotolewa 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inavigeuza kuwa vyombo vya kupimia. Vifaa viwili vilivyowekwa mita 5 mbalimbali na makofi mawili vinatosha kupima mwendo wa sauti. Kwenye joto la Dar es Salaam la nyuzi 30 utapata karibu mita 349 kwa sekunde wakati kitabu kinasema 330 au 340. Kishikwambi kilekile, ila sasa kinampa mtoto namba ambayo lazima ajieleze nayo.

Hakuna hata kimoja kati ya haya kitakachodumu kama karatasi ya vitendo haitabadilika, kwa sababu walimu wanafundisha kinachotahiniwa na wana haki ya kufanya hivyo. Mabadiliko ninayoyataka ni madogo na Baraza la Mitihani linaweza kuyaanza na swali moja kati ya yale ya vitendo. Kila kituo kipewe kitu ambacho thamani yake haiko kitabuni: spring isiyojulikana ukakamavu wake, jiwe lisilojulikana uzito, pendulamu ambayo sehemu ya uzi wake imefichwa ndani ya boksi. Fundi au mwalimu wa kituo apime na kutuma thamani yake kwa siri. Msahihishaji asitafute jibu moja kwa nchi nzima. Atazame kama jibu linatoka kweli kwenye data za mtahiniwa, kama data zina kuyumba kwa kibinadamu, na kama mtahiniwa ameeleza kipimo kipi hakiamini na alifanya nini juu yake. Jedwali lililonyooka kupita kiasi lipoteze alama. Usahihishaji utachukua muda zaidi, na miaka ya kwanza ufaulu wa vitendo utashuka, pengine sana, kwa kuwa tutakuwa tunapima kitu ambacho hatujawahi kukipima. Wakuu wa shule watalalamika, na wizara itabanwa ieleze ni kwa nini namba zimeanguka. Ijibu kwamba hizi ndizo namba za kwanza ambazo hazikupikwa.